Maziwa Chini ya Barafu

Friza ile aliinunua kaka yangu kwenye mnada wa bucha moja iliyofungwa. Aliileta juu ya mkokoteni, inanuka damu hadi majirani wakafunga madirisha. Mke wake, yaani wifi yangu, alisimama mlangoni mikono kiunoni akamwuliza kama ameamua kuleta jeneza mapema. Kaka alicheka tu. Wiki nzima wifi aliisugua kwa siki na maji ya vuguvugu, akaiacha wazi juani, akaisugua tena, mpaka siku moja akaingiza kichwa chote ndani, akavuta pumzi, akasema, "Sasa ni yetu." Kuanzia hapo hakuna aliyeigusa bila ruhusa yake.

Alikuwa mkali wa friza kama wengine walivyo wakali wa watoto wao. Ukifungua kifuniko ukasimama unawaza, anakuuliza kama unatafuta mchumba humo ndani. Ukileta sufuria yenye mvuke, anakutoa nayo nje. "Kaa nayo hapo mpaka ipoe. Unataka kuniulia mota?" Aliuza barafu za vifuko na juisi za kugandisha kwa watoto wa shule, na majirani waliokuwa hawana friza waliweka kwake nyama na samaki wao. Mtaa ukamwita Mama Barafu. Mimi mwenyewe ni fundi cherehani. Kaka alipofariki nilihamia kwa wifi, mimi nimeachika na yeye mjane, cherehani yangu ikakaa ukuta mmoja na friza yake. Tuliishi vizuri, kwa maana ya kwamba hatukupitisha siku bila kurushiana maneno.

Jumapili ya mwisho ya mwezi ilikuwa siku ya kuyeyusha. Siku hiyo hata mgeni hapewi chai. Wifi anachomoa waya ukutani, anatoa kila kitu, anavipanga vitu vilivyoganda ndani ya beseni kubwa vikiwa vimebanana ili vitunziane baridi, kisha anavifunika kwa magazeti na blanketi zito. Anaweka sufuria ya maji ya moto ndani ya friza, juu ya kitambaa kilichokunjwa, anafunga kifuniko, anaketi. Kazi kubwa ilikuwa hiyo ya kuketi. Barafu ikishalegea inaanguka yenyewe kwa mapande, naye anayaokota kwa mkono, anafuta maji, anapitisha siki, anakausha hadi kwenye kona. Nyuma anapiga brashi kuondoa vumbi. Mwisho anabana kipande cha karatasi kwenye kifuniko na kukivuta, upande huu na upande ule. Karatasi ikitoka kirahisi, mpira wa kifuniko umelegea, basi anaupaka mafuta ya mgando na kuukanda mpaka ushike tena.

Kisu alikipiga marufuku kabisa. Watu wenye haraka, alikuwa akisema, wanachokonoa barafu kwa kisu, na nyuma ya lile bati jembamba la ndani ya friza mabomba ya gesi yamejipitia, membamba kama mrija wa soda. Ukitoboa moja tu, gesi inatoka, na wewe umebaki na kabati la kuwekea viatu. Nilimsikia akiwaeleza hivyo wateja, majirani, na hata mchungaji aliyekuja kumwombea kaka.

Kaka na wifi walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, mwalimu wa chekechea, mwenye mdomo ambao mimi shangazi yake nilidai ameurithi kwangu. Aliolewa na seremala, kijana mpole wa maneno machache ambaye hata siku ya harusi alikuwa na unga wa mbao kwenye kucha. Walikaa mitaa miwili kutoka kwetu. Akapata mimba, tukafurahi, wifi akaanza kunitupia vitambaa nishone nguo za mtoto kabla hatujajua hata ni wa kike au wa kiume.

Uvimbe waliuona hospitali wakati wanamwangalia mtoto tumboni. Daktari alisema mtoto azaliwe kwanza. Alizaliwa salama, msichana, ana nywele tele. Kisha daktari akasema zinakuja dawa kali, zisizoweza kungoja sana, na nesi akamweleza binti yetu lililobaki: akishaanza dawa hizo, mtoto asinyonye tena. Alichokuwa nacho ni wiki chache tu za kukusanya nguvu kabla ya kuanza. Nesi hakuwa na ubaya wowote, lakini nilitamani kumziba mdomo.

Binti akarudi kwa mama yake, na mtoto, na pampu ndogo ya mkono ya kukamulia. Alikuwa akiketi kwenye kiti karibu na friza, mgongo umeegemea mto, anajikamua. Mtoto ananyonya, akishiba, mama anajikamua tena. Alikonda huku mtoto ananenepa. Kila akijaza kifuko anamkabidhi mama yake, naye wifi anakilaza chini kabisa kwenye friza, pale penye baridi kali, kimelala bapa kama bahasha, kingine juu yake, kingine juu yake. Majirani waliambiwa nyama zao zitafute pa kulala.

"Shangazi," binti aliniambia siku moja, "wananikamua kama ng'ombe."

"Ng'ombe hana mdomo kama wako," nikamjibu, na akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Mumewe alikuwa amechuchumaa pembeni anashikilia chupa, akaniangalia kwa macho ya kunisihi nisimchekeshe tena.

Kabla ya kwenda kuanza dawa alimshika mama yake mkono, sote tukiwapo. "Mama, mpe yote," akasema. "Najua ulivyo na hiyo friza yako, utataka kutunza. Usitunze. Mpe anywe, yaishe. Nataka yawe ndani yake, yasiwe ndani ya friza na samaki wa watu."

"Nitampa," wifi akasema.

"Yote."

"Yote, mwanangu. Nimekuahidi."

Dawa hazikumfaa. Zilimnyoa nywele, zikamnyang'anya sauti, kisha zikamwacha. Alifariki mwanzoni mwa kiangazi, mchana, mumewe akiwa ametoka kumnunulia maji. Sitasimulia maziko. Mimi ndiye niliyemshonea nguo ya mwisho, na hilo linatosha.

Mtoto alibaki kwetu kwa kuwa baba yake hushinda karakana. Kila jioni alikuja, ananawa mikono mara mbili, anamchukua mwanawe, anakaa naye hadi asinzie. Na wifi akaitimiza ahadi, mwanzoni. Asubuhi anatoa kifuko, anakiweka kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, anakigeuzageuza, anamimina kwenye chupa. "Kunywa," anamwambia mtoto, "mama yako amekuandalia." Mtoto ananyonya kwa pupa, miguu inapiga hewa. Nilikuwa nikisimamisha cherehani ili nitazame. Kusema kweli, ilikuwa ndiyo saa pekee ya siku ambayo nyumba ile ilikuwa na uhai.

Kisha nikaona kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Nikauliza. "La akiba," wifi akasema. Baadaye nikaona kopo lipo mezani na bakuli la vuguvugu halipo. Baadaye tena makopo matupu yakaanza kupangwa nje mlangoni, yamepandwa vitunguu. Mtoto hakudhoofika, hilo niseme wazi nisije nikamsingizia mtu. Alikunywa ya kopo, akaanza uji, akatoa meno, akatambaa. Lakini yale ya mama yake yalilala chini ya friza, na nesi alikuwa ametuambia kwa kinywa chake kwamba hata yakigandishwa hayakai milele, nusu mwaka ni salama, baada ya hapo tusichelewe.

"Wifi, mpe mtoto maziwa yake," nikamwambia.

"Nitampa."

"Lini?"

"Una nguo za watu za kushona," akasema, akaenda zake kufua.

Nikarudia kesho yake, na wiki iliyofuata. Mimi si mtu wa kuuma maneno. Nilimwambia kwamba marehemu hakukamuliwa vile ili apambe friza. Akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama tangu aolewe na kaka, akasema kwa sauti ya chini, "Yakiisha, wewe utakuwa umebaki na nini chake?" Nilikuwa na gauni lake moja la zamani nililokuwa sijalirefusha bado, na sikutaka kulitaja.

Jumapili ya mwisho ya mwezi ikafika na waya haukuchomolewa. Wifi alipika, akafagia, akapita mbele ya friza kama vile hakuna lolote. Nikamkumbusha. Akasema akizima, vifuko vitalainika. Nikamwambia si ndiyo yeye anayejua kuvifunga kwa blanketi, amefanya hivyo na minofu ya mtaa mzima na haijawahi kulainika hata mmoja? "Minofu ni minofu," akasema. Mwezi uliofuata ikawa hivyohivyo.

Barafu haina adabu. Ilianza kwenye kuta kama unga, ikawa gamba, ikawa ukuta. Ikafunika vifuko kabisa mpaka ukifungua huoni kitu, ila weupe tu. Ikapanda hadi ukingoni, kifuniko kikaanza kukataa kukaa, na wifi, mwanamke aliyekuwa akipima mpira kwa karatasi, akaweka tofali juu ya kifuniko. Nilipoliona lile tofali nililia, mimi ambaye sikulia hadharani msibani. Hewa ikawa inaingia kwenye upenyo, barafu ikazidi kujenga, mota ikawa hainyamazi mchana wala usiku. Barafu za kuuza zikawa laini, watoto wa shule wakahamia duka la pili. Majirani wakaacha hata kuulizia. Fundi wa mafriji aliyekuwa anapita kuleta suti yake kwangu alitega sikio akasema, "Mama, mashine hii inaomba kupumzika. Izime siku moja tu, iyeyuke, itakuhudumia tena miaka." Wifi akamwonyesha mlango.

Mvua zilipoanza, umeme ukakatika na ukakaa siku kadhaa huko ulikokwenda. Wifi aliizungushia friza mablanketi yote ya nyumbani, la mtoto tu ndilo lililobaki, kisha akaegemeza godoro lake mwenyewe. Yeye akalala kwenye mkeka kando yake. Maji yalitoka chini kidogo kidogo, nikayafuta na wala sikusema. Umeme uliporudi mota ilikohoa, ikatetemeka, ikaendelea. Weupe ukarudi kama zamani. Hatukuwa na namna ya kuona kilichoko chini yake, na nadhani yeye alishukuru kwa hilo.

Mkwe wetu tulimwambia nini? Wifi alimwambia, mbele yangu, kwamba mtoto ameyanywa, vimebaki vifuko vichache alivyovitunza kwa siku ya kutimiza mwaka. Seremala yule uso ulimfunguka. Tangu mkewe afe sikuwa nimeona meno yake. "Kwa hiyo siku hiyo atakunywa ya mama yake," akasema. Akaanza kumtengenezea kiti kidogo cha mbao kwa ajili ya siku hiyo, anakuja kumpima mtoto mapaja kwa futi huku mtoto anaitafuna. Nilimkanyaga wifi mguu chini ya meza. Akausogeza mguu wake.

Siku chache kabla ya mtoto kutimiza mwaka, wifi alimbeba kumpeleka kliniki kuchanjwa. Nilikuwa uani naanika mapazia ya mteja. Mkwe akapita na mfuko wake wa vifaa, akanisalimia, akaingia ndani. Nikasikia nyundo inagonga taratibu, nikajua ameamua hatimaye kuutengeneza ule mlango wa jikoni aliokuwa akituahidi. Kisha nyundo ikanyamaza na nikasikia mlio mwembamba, mrefu, kama sufuria inayotokota kwa mbali. Nikaingia na pini za nguo bado mdomoni.

Alikuwa ameinama ndani ya friza hadi mabegani, tofali liko chini, patasi na nyundo viko sakafuni. Kidole gumba chake kimekandamiza ukuta wa friza.

"Shangazi," akasema bila kugeuka, "inatoa hewa."

"Hiyo si hewa," nikasema. "Hiyo ndiyo roho yake inatoka."

"Leta sabuni. Watu huziba kwa sabuni."

Nilimletea sabuni, nikafungua madirisha. Haikuziba kitu. Baadaye alinieleza alichofikiri, na ni mawazo ya seremala hasa. Mama amekataa friza kuzimwa, basi isizimwe; yeye ataichonga barafu kama anavyochonga mbao kutoa bawaba iliyozama, pembeni kwa pembeni, kwa uangalifu, mpaka vifuko vitoke vizima na kifuniko kifunge. Alitaka iwe zawadi kwa mama mkwe. Mkono wake hautetemeki, patasi yake huenda pale anapotaka. Ila mbao huwa na nyuzi za kukuonyesha njia, na barafu haina. Patasi iliteleza mara moja tu.

Mlio ukafifia, ukaisha. Mota ikaendelea kunguruma, haina inachokigandisha. Wifi akaingia mtoto akiwa mgongoni, amelala baada ya kulilia sindano. Akaona patasi. Akaona kidole cha mkwe, bado kimeng'ang'ania ukutani ingawa hakuna tena cha kuziba.

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alimfungua mtoto mgongoni, akanipa, akachomoa waya, na kwa muda ule mfupi Mama Barafu niliyemjua mimi akarudi. "Maji ya moto, sufuria mbili. Wewe, beseni kubwa, lile la bluu. Magazeti chini. Usivute kitu kwa nguvu, vitachanika. Mwuza nyama wa kona ana friza, atatuwekea hata tukimwamsha usiku." Sufuria zikaingia, kifuniko kikafungwa, tukakaa. Mkwe alitembea huku na huku anafuta mikono kwenye suruali. Hatimaye tukasikia pande la kwanza la barafu likianguka ndani, kisha la pili, na wifi akafungua, akaanza kuyatoa kwa mikono mitupu.

Vifuko vilikuwa pale chini. Vilikuwa vingi. Hata mimi niliyekuwa nikilalamika sikujua ni vingi kiasi kile. Vilijaza beseni na bado alikuwa anatoa. Mkwe aliacha kutembea.

Wifi alinyanyua kimoja, akakiangalia, akakirudisha. Akanyanyua kingine. Nami nikaona alichokiona, maana tumekaa na friza hiyo miaka, tumewarudishia watu samaki wao baada ya umeme kukatika. Kitu kilichoganda hubaki na umbo kililogandia nalo. Vile vifuko binti alivijaza na mama yake akavilaza bapa, laini kama bahasha. Sasa kila kimoja kilikuwa kimevimba kona moja na kunywea kona nyingine, vingine vimegandana kwa maziwa yaliyovuja, na ndani yake yamejigawa, maji huku, manjano kule. Yalikuwa yameyeyuka yote, yakakaa hivyo siku kadhaa, kisha yakaganda upya yakiwa yameshaharibika. Ni zile mvua. Patasi haikuwa na hatia yoyote.

Mkwe hakujua kusoma hayo. Alipiga magoti pale penye maji. "Mama, nisamehe," akasema. "Nimeyaua maziwa ya mke wangu. Kila alichojikamua. Nimeyaua kwa mkono wangu huu."

Nikamwangalia wifi. Angeweza kunyamaza. Mimi nisingesema, naapa. Nilikuwa nimemkasirikia kupita kiasi lakini ni wifi yangu. Angemwacha kijana aibebe ile patasi moyoni maisha yake yote, naye akabaki bibi aliyetunza vizuri.

"Simama, baba," akasema. "Sio wewe. Yalikuwa yameshaharibika."

"Lini?"

"Umeme ulipokatika. Kifuniko kilikuwa hakifungi."

Mkwe akatazama beseni, akatazama ndani ya friza ambako bado kulikuwa na vingine. Alikuwa anafikiri taratibu, kama anavyofanya kila kitu. "Ulisema vimebaki vichache."

"Nilisema."

"Hivi si vichache, mama."

"Si vichache."

"Ungempa kila siku, yangeisha kabla ya mvua?"

Wifi akafumba macho. "Yangeisha zamani."

"Kwa hiyo angekunywa yote."

"Yote."

Alinyanyuka, magoti yanachuruzika maji. Hakugomba. Ningependa angegomba, angevunja kitu, tungejua pa kushika. Alikuja kwangu, akanyoosha mikono, nikampa mtoto wake. Akamlaza begani, akamvuta nguo ikae sawa shingoni. "Leo atalala kwangu," akasema. "Dada yangu atakuja kunisaidia." Wifi alimfuata hadi mlangoni na kofia ya mtoto mkononi, akisema jua, jua litampiga. Mkwe aliichukua ile kofia kwa heshima, akaondoka. Vifaa vyake aliviacha sakafuni.

Mtoto hakurudi kukaa kwetu tena. Analetwa Jumapili, ametembea tayari, anamwita wifi "bibi" kama alivyofundishwa na shangazi yake, dada wa mkwe, na jioni anachukuliwa. Siku ya kutimiza mwaka tulialikwa tukaenda. Kiti cha mbao kilikuwa kizuri. Alikunywa maziwa ya kopo.

Ila narudi nyuma kwenye siku ile, baada ya mkwe kuondoka. Wifi alisimama kwenye sinki na mkasi wangu, anakata kona ya kifuko, anamimina, anakata kingine. Harufu ilikuwa kali. Nilitaka kumsaidia akanikatalia, kwa hiyo nikavuta kigoda nikakaa nyuma yake. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu yote ya miezi ile, makali, yamepangwa vizuri, na kila nikitaka kuyatoa naona mabega yake. Nilimchukia na nilimwonea huruma kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Alipomaliza cha mwisho akafungulia maji, yakatembea muda mrefu.

"Wifi," akasema akiwa amenipa mgongo, "wewe si husemaga kweli hata ikiuma? Niambie. Ungekuwa wewe, ungempa?"

"Ningempa," nikasema papo hapo.

"Yote?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Nikamwona binti yetu kwenye kile kiti, mto mgongoni, ananiambia wanamkamua kama ng'ombe. Nikaona mkono wake unanyoosha kifuko chenye joto bado.

"Ningebakiza kimoja," nikasema. "Cha kukaa nacho tu."

Wifi akafunga bomba. Akajifuta mikono kwenye kanga, akageuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa analia.

"Na mimi nilianza na kimoja," akasema.